Mtu Ni Mapigo Mawili

Umeimba wewe. Usigeuze uso. Ulisimama ukumbini na kipaza sauti mkononi, shemeji zako wakakupigia makofi, ukasoma maneno kwenye kioo yakigeuka kutoka meupe kuwa ya manjano, na hukukosea hata moja kwa sababu kila silabi iliwaka pale pale ulipoihitaji. Hukujiuliza nani aliyeiwasha. Ulidhani yanawaka yenyewe, kama taa za barabarani. Alikuwepo mwanamke akiyawasha kwa kidole cha shahada, silabi moja pigo moja, ndani ya chumba ambacho komeo lake lilikuwa nje. Siku aliyokufa wewe uliimba, na kesho yake ukaimba tena.

Mimi sisahau. Sikuwasahau wanawake wa kiwanda cha mishumaa, mwaka ule wa mafuriko, waliokutwa wamelaliana nyuma ya mlango ambao ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda kula. Magazeti yaliandika "ajali". Uliyasoma, kisha ukafungia sabuni.

Basi safari hii kaa chini usikilize mambo yalivyokwenda, saa kwa saa.

Saa nne asubuhi Inspekta aliingia mahabusu na mfuko wa nailoni wenye viatu vya marehemu. Mtu aliyekaa sakafuni humo alikuwa fundi viatu, mdogo wake marehemu, na gari la kumpeleka mahakamani lilikuwa linaondoka saa tisa. Jalada lake lilikuwa jembamba. Siku tatu nyuma dada yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kidole, alikutwa amekufa kitandani katika chumba walichopanga pamoja. Dirisha limefungwa, jiko la mkaa katikati ya chumba. Daktari aliandika kwamba alivuta hewa ya sumu ya moshi. Saa ya kifo hakuweza kuitaja, akaandika "mchana". Mkuu wa kituo akaandika la kwake: uzembe wa mdogo mtu uliosababisha kifo.

"Nimeshakwambia, afande, jiko niliacha barazani," alisema Fundi.

"Umeniambia mara nne."

"Basi hii ya tano. Nilichemsha chai asubuhi, nikalizima, nikaliacha barazani. Nimerudi saa kumi jioni nalikuta ndani."

"Jiko lina miguu?"

"Hata mimi ndiyo nauliza."

Inspekta akavitoa viatu, vya ngozi nyeusi, vya wazi, vyenye mikanda. "Ulimkuta amevaa hivi?"

"Amevaa. Amelala chali, mikono imenyooshwa, kama mtu anayengoja kupigwa picha." Fundi akakivuta kiatu cha kushoto, akakigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu akamatwe akasogea mwenyewe. "Nani amekifunga hiki?"

"Hakuna aliyekigusa. Tulikivua mguuni bila kufungua mkanda."

"Tazama hapa. Mguu wa kushoto wa dada ni mwembamba, aliugua utotoni. Kiwandani walitoboa matundu manne. La tano nilitoboa mimi, kwa mkono wangu, na hilo ndilo lake. Hapa pamefungwa la tatu. Kwa la tatu kiatu hiki kingemvuka mguuni akipiga hatua ya pili."

"Labda alikuwa na haraka."

"Afande, wewe ukiwa na haraka unavaa kiatu cha mumeo?"

Inspekta akaandika: *tundu la tatu*. Halafu akauliza, "Anapovua viatu ni wapi, ukiacha nyumbani?"

"Kazini. Wote wanavua. Mjomba hataki vishindo."

"Mjomba wenu yupi?"

"Si wetu. Mwenye studio. Anapenda kuitwa hivyo na kila mtu."

Ukisikia bosi anaitwa mjomba, ulizia mikataba ya kazi. Hutaiona.

Studio ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Kabla ya kupanda, Inspekta alimuuliza muuza duka kuhusu umeme wa siku ile. Alikumbuka bila kufikiri: ulikatika saa tatu asubuhi, ukarudi saa nane, na muda wote huo juu palikuwa pananguruma.

Juu ya ngazi kulikuwa na kibao: VUENI VIATU. Kwenye rafu ya mbao kila mfanyakazi alikuwa na nafasi yenye jina lake. Nafasi ya Kidole ilikuwa imeshawekwa mwavuli wa mtu mwingine.

"Karibu, mwanangu, hapa ni nyumbani," alisema Mjomba. Alikuwa mnene wa makamo, mwenye sauti ya taratibu na soksi nyeupe zisizo na doa. "Sisi hapa ni familia."

"Ya watu wangapi?"

"Watano, ukiniacha mimi. Sasa wanne." Akashusha macho, akayainua tena mapema kidogo.

Alimwonyesha kazi. Wateja wenye kumbi na baa za karaoke wanaleta nyimbo. Studio inapunguza sauti ya mwimbaji, inayaandika maneno, kisha mtu anakaa kuyaoanisha na muziki. Hapo studioni waliita kudonoa. Mdonoaji anavaa vipokea sauti vya masikioni, wimbo unapigwa, na kila silabi inapofika anabonyeza kitufe kirefu cha chini kwenye kibodi. Donoa, neno linawaka. Donoa, linawaka jingine. Wimbo wa dakika nne unaweza kula mapigo mia saba, na pigo moja likikosewa unarudi mwanzo.

"Watu wanaiita kazi ya kuku," alisema Mjomba, akacheka peke yake.

Vyumba vya wadonoaji vilikuwa vinne, vimepangwa upande mmoja wa ujia, kila kimoja upana wa godoro. Kuta zilibandikwa trei za mayai. Madirisha yalizibwa kwa sponji na ubao ili sauti za mtaani zisiingie, kwa hiyo hata hewa haikuingia. Mwisho wa ujia kulikaa jenereta. Bomba lake la moshi lilielekezwa kwenye tundu la ukutani ambalo ngumi isingepita. Kutoka hapo mpaka mlango wa Kidole, Inspekta alihesabu hatua mbili.

"Jenereta ndani ya nyumba?"

"Ya nje wameiba mawili. Wezi wa siku hizi, mwanangu, wakikosa kitu wanaiba hata kivuli chako."

"Siku ile liliwashwa muda gani?"

"Kidogo tu. Sikumbuki."

Inspekta akapitisha kidole kwenye komeo la mlango wa Kidole. Lilikuwa la chuma, limepigiliwa upande wa nje, na pale linapotelezea rangi ilikuwa imekwisha kabisa.

"Hili linafungwa kila siku."

"Mlango ukifunguliwa katikati ya wimbo mtu anapoteza hesabu. Wenyewe waliomba."

"Kwa maandishi?"

"Familia haiandikiani."

"Akitaka kwenda chooni?"

"Anagonga."

"Na akiwa hana nguvu ya kugonga?"

Mjomba akainama kuvuta soksi yake, ambayo haikuwa imeshuka. Aliponyanyuka alikuwa na jibu la swali jingine. "Najua unapoelekea. Kidole alitoka hapa mzima. Njoo uone mwenyewe, kompyuta haina sababu ya kusema uongo."

Akamfungulia faili la wimbo wa mwisho. Liliitwa kwa jina la wimbo, na chini yake ilisomeka saa lilipohifadhiwa: saa saba kasoro dakika kumi mchana, siku ile ile.

"Wenzake niliwaruhusu saa tano na nusu, jenereta lilikuwa linasumbua. Yeye akasema anamalizia. Akamaliza, akavaa viatu, akaniaga. Yaliyompata kwake," alipandisha mabega, "ni ya kwake na mdogo wake. Yule kijana na mkaa wake. Nilimwonya."

Kesi yote ilisimama juu ya faili hilo. Kama Kidole alikuwa bado anadonoa karibu na saa saba, basi alivuta hewa ile nyumbani, na Fundi ndiye aliyemuua. Inspekta akasoma ile saa mara mbili. Kisha akamwomba Mjomba ashuke stoo ya chini amletee daftari la mahudhurio la mwezi mzima. Mjomba alikwenda bila wasiwasi. Mtu aliyeitwa mjomba miaka yote hiyo hafikirii kwamba wapwa wana midomo.

Chumba cha upande wa nyuma alikaa mama wa miaka sitini na ushee, miwani imefungwa kwa uzi, mbele yake lundo la karatasi za maneno ya nyimbo. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili kabla ya kustaafu, na hapa alihakiki tahajia kabla video hazijatoka. Wote walimwita Mwalimu.

"Mwalimu, huu wimbo wa mwisho wa Kidole uliuhakiki?"

"Haukupita kwangu."

"Naomba uuone sasa."

Mama yule akavuta kiti, akasogeza pua karibu na kioo. Alitazama mstari mmoja, akarudi nyuma, akautazama tena. Akavua miwani.

"Nani amekata hivi?"

"Kukata ni nini?"

"Kabla hujadonoa unayakata maneno kwa mistari midogo, ujue kila pigo linawasha kipande gani." Akanong'ona, macho yakienda mlangoni. "Wewe afande, mtu ana silabi ngapi?"

"Mtu? Moja."

"Rudi darasani, mwanangu. M, tu. Mbili. Hiyo M inasimama yenyewe, na kwenye wimbo inapewa noti yake. Ukiimba huku umeibana utaachwa na ngoma. Sasa soma huu mstari wa kiitikio."

Inspekta akasoma: *Mtoto mpe mkono, mgeni mfungulie mlango.*

"Hesabu alivyokata huyu."

Inspekta akahesabu vipande kwa ncha ya kalamu. Mto, to. Mpe. Mko, no. "Kumi na vitatu."

Mwalimu akafungua wimbo mwingine wa Kidole, kisha kwenye karatasi akaukata ule mstari kwa namna ya Kidole, kila M na mstari wake. M, to, to. M, pe. M, ko, no. M, ge, ni. M, fu, ngu, li, e. M, la, ngo.

"Kumi na tisa," alisema Inspekta.

"Zimepotea sita. Na M ni ngapi?"

Zilikuwa sita.

"Anayekata hivyo ni mashine. Kuna kitufe, ukikibonyeza maneno yote yanakatika mara moja. Walioitengeneza hawaijui lugha yetu, wanadhani M haiwezi kusimama bila irabu ya kuishika mkono. Wavivu wanakitumia. Na kuna jambo la pili." Akaucheza wimbo kwa sauti ndogo. "Unaona neno linawaka baada ya kusikika? Kidole hakufanya hivyo hata siku moja. Alitanguliza. Alisema mwimbaji aone neno kabla, avute pumzi. Alikuwa anawavutia pumzi watu asiowajua."

Inspekta hakuandika bado. "Labda siku ile alikuwa hajisikii vizuri. Mtu mgonjwa anafanya uvivu."

"Fungua za zamani."

Akazifungua, moja baada ya nyingine, zikafika thelathini. Za siku za kawaida, za siku ya homa, za wiki aliyomzika mama yake, na moja aliyoidonoa, alivyosema Mwalimu, akiwa na kidole kilichovimba. M zilisimama zote, na maneno yote yalitangulia.

"Mwenzake mmoja angeweza kumsaidia kumalizia?"

"Tulitoka wote. Daftari litakuonyesha."

Mjomba aliporudi na daftari, lilionyesha hivyo hivyo: wadonoaji watatu na Mwalimu, saa tano na nusu, sahihi nne mfululizo. Ya Kidole ilikosekana; Mjomba alisema alisahau kutia. Inspekta akampa shukrani, akamwomba asubiri ujiani dakika mbili, akafunga mlango.

"Mwalimu. Meza yako inapakana na chumba chake?"

"Ukuta mmoja wa mbao. Ujia unazunguka, lakini mgongo wa chumba chake ni huu hapa."

"Ulikuwa unamsikia?"

Mwalimu alizungusha uzi wa miwani kwenye kidole. "Kucha yake ilikuwa ngumu. Siku nzima nasikia ti, ti, ti. Nimezoea mpaka nikiwa nyumbani naisikia. Siku ile ilinyamaza kabla ya saa tano. Nikasema anasikiliza wimbo. Ikaendelea kunyamaza. Nikamwambia Mjomba, akaenda, akafungua, akakaa kidogo, akatoka akafunga komeo. Akasema jenereta bovu, nendeni nyumbani."

"Akafunga komeo."

"Akafunga komeo. Sisi tukachukua mikoba." Aliangalia meza. "Kwenda kwenye ngazi lazima upite mlango wake. Nilipita, mwanangu. Viatu vyake vilikuwa kwenye rafu. Niliviona, nikavaa vyangu."

Inspekta hakumwambia pole. Alimsogezea karatasi na kalamu. "Yaandike hayo kama ulivyoyasema. Sahihi utatia kituoni, mbele ya mkuu." Kisha akafungua mlango.

"Mjomba, samahani, mimi hii kazi bado sijaielewa. Nasikia wewe ndiye uliyewafundisha wote."

"Wote. Hapa waliingia hawajui hata kuwasha kompyuta."

"Basi nifundishe na mimi. Kiitikio tu."

Alifurahi. Alivuta kiti, akaketi, akavaa vipokea sauti, Mwalimu akiwa amesimama nyuma yake. Alipoyaleta maneno kwenye kioo, alibonyeza kitufe kimoja juu, na kurasa zote zikakatika kwa mara moja. Akaanza kudonoa kwa kidole gumba, akitikisa kichwa, na kila neno likawaka likiwa limeshaimbwa.

"Subiri," alisema Inspekta. "Mbona hukuyakata kwa mkono?"

"Nani ana muda huo? Mashine inakata yenyewe."

"Hata Kidole alitumia hicho kitufe?"

"Kidole?" Mjomba akacheka. "Yule alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Miaka sita namwambia, tumia kitufe, utamaliza nyimbo mbili badala ya moja. Hataki. Eti M inaonewa."

"Hajawahi kukitumia hata siku moja?"

"Hata siku moja. Muulize Mwalimu."

"Hata siku ile ya mwisho?"

"Nimekwambia hata—" Akasita, kidole gumba kikabaki juu ya kibodi.

Inspekta akanyoosha mkono, akalirudisha kwenye kioo lile faili la saa saba kasoro. Mto, to. Mpe. Mko, no. "Basi huu aliukata nani?"

Jenereta lilikuwa limezimwa na mtaa haukusikika. Mjomba alivua vipokea sauti polepole, akaviweka juu ya meza.

"Nilipofungua alikuwa ameegemea kibodi," alisema. "Shavu lake limelalia kile kitufe kirefu. Kwenye kioo zilikuwa zinashuka nafasi tupu. Ukurasa mtupu, ukurasa mtupu, ukurasa mtupu. Sijui zilikuwa ngapi. Nilizifuta."

"Ulimpima pumzi?"

Mjomba akaanza kukunja waya wa vipokea sauti.

"Nakuuliza, uliweka mkono puani kwake?"

"Alikuwa ameshalegea."

"Aliyezimia hulegea pia. Kwa nini hukumkimbiza hospitali?"

"Ningeeleza nini?"

"Ungeeleza komeo."

"Wangefunga hapa." Sauti yake ilirudi kuwa ya taratibu, sauti ya kikao cha ukoo. "Hawa wengine wangekula wapi? Mimi nilifikiria familia. Nikamalizia wimbo wake ili ionekane alitoka mzima, nikambeba mwenyewe mpaka kwenye gari, nikampeleka kwake apumzike pazuri. Ufunguo ulikuwa mkobani. Nilimvalisha hata viatu."

"Na jiko?"

"Nilidhani watasema ajali. Watu wanasema ajali, wanazika, yanakwisha. Sikujua watamshika mdogo wake."

"Ulijua leo asubuhi. Ulipandisha mabega."

Hata hivyo usishangilie. Kutoka studio mpaka kituoni ni dakika kumi na tano, na kwa dakika hizo Mjomba alikuwa ameshaongea na wakili kwa simu. Alipofika kaunta, kwa maneno yake mapya, hakuwa amesema lolote, hakuwa amembeba mtu, na karatasi yoyote aliyoandika Inspekta ilikuwa ya Inspekta mwenyewe.

Ilikuwa saa nane na nusu.

"Silabi," alisema mkuu wa kituo, akiitazama karatasi yenye hesabu ya vipande kumi na tatu na kumi na tisa. Alikuwa ameshavaa kofia. "Unataka nimpelekee hakimu herufi M?"

"Na saa ya faili. Na kiatu. Na mtu aliyesikia kazi ikinyamaza kabla ya saa tano, akaona komeo likifungwa, na viatu vikibaki kwenye rafu."

"Mtu mmoja. Bibi aliyestaafu, anayepokea mshahara wa mtuhumiwa. Wakili atamla bila chumvi. Niletee wawili waliokuwa ndani ya nyumba ile, waseme mamoja, watie sahihi hapa. La sivyo saa tisa kijana anapanda gari, na akishapanda unajua jalada linakwenda kulala wapi."

Mwalimu alitia sahihi ya kwanza. Mwandiko ulitoka ule ule wa ubaoni, wa duara, unaosomeka na mtoto.

Wadonoaji watatu walikuwa wameitwa na askari, wakaketi kwenye benchi la ujiani, wamebanana. Inspekta aliwasomea maneno ya Mwalimu mpaka mwisho. Akawauliza kama kuna la uongo. Hakuna aliyesema lipo. Akauliza nani atatia sahihi.

"Mimi nina watoto," alisema wa kwanza.

"Kidole alikuwa na mdogo wake," alisema Inspekta. "Yuko nyuma ya ukuta huo, umbali wa hatua kumi."

"Mimi nilikuwa nimevaa vipokea sauti, sikusikia kitu," alisema wa pili, akiangalia dari.

"Sikukuuliza ulichosikia. Nimekuuliza ulichoona ulipokuwa unatoka."

Injini ya gari la mahabusu ikawashwa uani. Askari akapita na pingu, akaingia ndani, ufunguo ukasikika ukigeuka. Fundi akatolewa, mikono mbele, akapitishwa mbele ya benchi. Hakuwajua wale watu watatu ni nani. Aliwasalimia, kama mtu anavyosalimia wageni wa dada yake.

"Shikamooni."

Wa tatu ndiye aliyekuwa mdonoaji wa chumba kilichopakana na cha Kidole. Alikuwa mwanamke mfupi, kanga imefungwa kiunoni juu ya gauni la kazini. Alifunika mdomo kwa kiganja, akakiondoa.

"Mimi nilitapika siku ile," alisema, akimwambia Fundi na si Inspekta. "Kichwa kilikuwa kinapasuka. Wenzangu wakanicheka, wakasema hongera, una mimba. Nikacheka nao. Kabla ya hapo dada yako aligonga ukuta. Mara tatu. Nikadhani ananitania kwa sababu naimba vibaya." Akasimama. "Niandike wapi?"

Inspekta akamwonyesha mahali. Mwanamke akaandika, mkuu wa kituo akasoma, akavua kofia, akaiweka mezani. Uani injini ilizimwa. Askari akafungua pingu, na Fundi akabaki ameshika kiwiko chake mwenyewe, kama mtu asiyejua mikono iwekwe wapi.

"Ilikuwa saa ngapi?" aliuliza.

"Kabla ya saa tano asubuhi," alisema Inspekta.

"Saa hiyo nilikuwa nashona soli," alisema. "Nilikuwa napiga mluzi." Akaketi sakafuni pale pale, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Sahihi ni mbili, na kwa leo zimetosha kumtoa mtu mmoja. Lakini kwenye benchi lile wawili bado wameketi, wanaangalia dari, na kesho saa mbili watavua viatu vyao kwenye ngazi nyingine ya mjomba mwingine. Wewe umeketi nao. Unaujua mlango mmoja kama ule. Umepita mbele yake leo hii, labda ni wa kazini kwako, labda wa jirani, labda ufunguo wake unao wewe mwenyewe. Weka kitabu hiki chini. Andika barabara, andika ghorofa, andika komeo liko upande gani na nani yuko ndani, kisha utie jina lako chini yake na uipeleke karatasi hiyo kituoni kabla ofisi hazijafungwa. Usiniambie kesho. Inuka.